Hewa Iliyoivia Mlimani

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na msinikatize. Mie nilianza kushika kalamu nikiwa tayari mama wa watoto watatu, kwa hiyo maneno yangu hayana mapambo. Anayetaka mapambo aende duka la vitambaa. Nataka mjue jambo moja: hewa huiva. Huiva kama mchuzi. Siku niliyolijua hilo nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimefiwa, na hata leo nikilisimulia moyo unanienda mbio.

Tulikuwa tunakaa Manzese, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro. Ilikuwa enzi ya Ujamaa. Redio ilikuwa ikihimiza watu walime na wasome, na barabara ile ilikuwa ikipitisha malori ya Zambia, yanakwenda na mafuta, yanarudi na shaba. Mengi yalikuwa yakiegeshwa palepale kwetu. Yanawashwa saa moja asubuhi, yanaunguruma bila kwenda popote, kwa sababu dereva anaogopa akizima halitawaka tena. Mume wangu alikuwa fundi wa malori hayo, na kazi nyingine alikuwa anakuja nayo nyumbani. Vyuma vilivyoganda grisi anaviloweka kwenye karai la petroli uani kwangu, anavisugua kwa brashi huku anapiga mluzi. Upande wa pili wa ua mie napikia kuni. Kwamba hatukuungua wote, namshukuru Mungu tu.

Nilikuwa na mabinti watatu. Wawili walikuwa shule. Wa mwisho alikuwa na miaka sita, na alikuwa na kifua. Nikisema kifua nasema pumu. Kikimbana alikuwa anakaa ameinama, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda juu kwa kila pumzi, na sauti inayotoka ndani yake ni kama mlango wenye kutu. Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, ndiyo alikuwa anazidi. Dawa ya hospitali tulimpa, ya mitishamba tulimpa, mafuta ya nyonyo tulimpaka. Kifua kikaendelea na shughuli zake.

Sasa, mume wangu alikuwa na dada mkubwa. Wifi yangu huyo alikuwa anakaa Kimara, juu kilimani, wakati huo Kimara ni mashamba matupu. Alikuwa analima mihogo na kunde. Kila asubuhi alikuwa anashuka na kisamvu kuuza sokoni Manzese, saa nne ameshamaliza, anapita kwangu kunywa maji na kunisema, kisha anapanda kwake. Mungu hakumjalia mtoto. Na kwa desturi yetu shangazi ana sauti juu ya mtoto wa kaka yake. Akisema nataka kumlea huyu, kumnyima ni kazi.

Siku moja akaingia, akanikuta nachochea kuni, mtoto anakohoa kizingitini.

"Wifi," akasema, "mtoto unamkausha kwa moshi kama samaki."

"Karibu wifi. Habari za huko?"

"Za huko nzuri, huko kuna hewa. Za hapa ndiyo naziona." Akamvuta mtoto, akamweka mapajani. "Mie sioni njia nyingine. Huyu aje kwangu. Kwangu ukivuta pumzi ni kama unakunywa maziwa."

"Maziwa yana ng'ombe wake, wifi."

"Ng'ombe mwenyewe anapika kwa kuni mbichi karibu na karai la petroli!"

Mume wangu alicheka. Sikumsamehe kicheko kile kwa wiki nzima. Lakini alipoacha kucheka alimtazama mtoto, akanitazama mie, nikajua ameshakata shauri. Tukakubaliana hivi. Kila siku mtoto atapanda mlimani na shangazi yake, atapunga upepo mchana kutwa, na jioni baba yake atamfuata kwa baiskeli. Ikionekana hewa ya kule inamfaa, masika yakianza anahamia moja kwa moja. Mume wangu akasema sawa. Mie nikasema sawa kwa mdomo. Kifuani nilikuwa nasema mtoto wangu haendi popote, lakini ningesemaje? Ningesema abaki kwenye moshi?

Hapo lazima niwaeleze kitu, maana nyie mnakaa na feni. Sie watu wa pwani tulikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa: kupunga upepo. Mgonjwa anatolewa nje alasiri, anatandikiwa mkeka, anaelekezwa upepo unakotoka, anaambiwa vuta. Mzazi mwenye uchungu apunge upepo. Mzee wa homa apunge upepo. Hakuna aliyewahi kuuliza upepo umepitia wapi.

Basi wifi akawa anafanya hivyo. Wakishakula chakula cha mchana anamtandikia mtoto mkeka ukingoni mwa kilima, uso unatazama kule mjini ambako upepo wa bahari unatokea, anampepea na kumwambia vuta mwanangu, vuta.

Na kila jioni mtoto alikuwa anarudi kwangu amebanwa.

"Unaona?" wifi ananiambia asubuhi yake. "Akiwa kwangu mzima. Akishuka tu Manzese, kinamshika. Alale hukohuko, mambo yaishe."

Niliamini siku ya kwanza, siku ya tatu, siku ya tano. Siku ya sita nikamkalisha mtoto kwenye kigoda, nikamshika kidevu.

"Niambie kweli. Kinakubana saa ngapi?"

"Tukishakula."

"Tukishakula hapa?"

"Kwa shangazi. Pale mkekani. Anasema vuta, mie navuta, mama. Nikivuta sana kinaniwasha hapa." Akajishika chini ya koo. "Na macho yananiwasha."

Nilimwachia kidevu. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anatafuta sindano gizani, mguu ukaikanyaga. Kumbe mtoto hashikwi na Manzese! Anashikwa mlimani, alasiri, kwenye hewa ile ya maziwa, mahali pasipo na kuni wala lori.

Asubuhi nikamwambia wifi. Hakutikisika.

"Mtoto anadeka. Na kama anakohoa, ni kwa sababu kifua kimejaa Manzese, kinajisafisha. Kitu kikisafishwa si kinatoa uchafu?"

Hilo ndilo lililonichoma. Nilikuwa najua anakosea, lakini kwa nini anakosea sikujua.

Siku hizo nilikuwa nahudhuria kisomo, elimu ya watu wazima, saa kumi na moja jioni kwenye darasa la shule ya msingi. Tulikuwa wanawake wengi, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba aliyekuwa anafanya kazi maabara ya chuo, anaosha chupa na kushika vipimo, na jioni anakuja kutufundisha. Jioni ile aliandika ubaoni: *Moshi unapanda juu.* Tukasoma kwa pamoja. Tukarudia. Mie nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukishapanda unakwenda wapi?"

"Unakwenda Moshi, Kilimanjaro!" akadakia mama mmoja nyuma, darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini. "Mama, kwa nini unauliza?"

Nikamweleza yote: mtoto, mlima, mkeka, saa. Mbele ya watu nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi namna ile. Nilipomaliza akaanza kutembea mbele ya ubao, huku na huku, kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni.

"Mama zangu," akasema, "nazi, chumvi na samaki mbichi vikiwa mezani, huo ni mchuzi?"

"Siyo!" tukajibu.

"Mpaka nini?"

"Mpaka moto!"

"Basi sikilizeni. Ndani ya injini ya lori kuna moto mkali sana, mkali mpaka hewa yenyewe inaungua. Inatoka kwa nyuma na moshi. Hiyo weka kando, ndiyo nazi yetu. Halafu kuna mvuke wa petroli, wa rangi, wa mafuta yanayomwagika. Huo ndio samaki. Asubuhi vyote vinatoka, vinakaa hewani, vibichi. Unaona moshi unapotea, unasema umekwisha. Haujakwisha, mama! Umetawanyika tu. Saa tano, saa sita, jua linasimama. Jua ndilo moto. Linavipika pamoja hukohuko hewani, na kinachotoka ni kitu kipya ambacho hakikutoka kwenye bomba la lori lolote."

"Kitu gani?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Vipo vingi. Mkubwa wao anaitwa ozoni. Haina moshi wa kuonekana. Ukiivuta inaunguza njia ya pumzi, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia. Ikizidi unaona na ukungu wa hudhurungi kwa mbali."

Nikasimama. Dawati likasimama na mie, maana nilikuwa nimekwama. "Sasa mbona mlimani, mwalimu? Malori yako kwangu!"

"Upepo wa bahari unaanza saa ngapi?"

"Kwenye saa tano hivi."

"Unakwenda wapi?"

Nilikuwa nimeshaona. Chungu chenyewe kinatembea! Kinapakiwa mjini na barabarani asubuhi, kinasukumwa na upepo kuelekea bara, kinaiva njiani, kinapakuliwa juu ya kilima saa nane mchana, juu ya mkeka, usoni pa mtoto wangu. Hapo ndipo nilipopiga kelele ile. "Yallah!" Jirani yangu aliyekuwa anapita nje akaingia darasani amejishika kichwa: nani kafa?

Mwalimu akanipoza. Alikuwa mkweli yule kijana, na kwa hilo nilimheshimu. "Mama, haya nimeyasoma yakisemwa kwa miji mikubwa ya ng'ambo yenye magari kama siafu. Hapa kwetu sijapima. Huenda ipo, huenda ni kidogo, huenda mtoto anashikwa na kitu kingine. Tusiseme kabla ya kupima."

"Tunapima na nini? Mie nina kibaba na pishi."

"Una mpira wa baiskeli?"

Akanifundisha. Ozoni ni adui wa mpira uliovutwa. Ukichukua utepe wa mpira ukauweka umelala, haiufanyi kitu upesi. Lakini ukiupinda, ukaufunga ubaki umenyooshwa kwa juu, ozoni inaupasua vijipasuko vyembamba, vinavyokatiza upana wake. Vipande vyote vitoke kwenye mpira mmoja. Vikae kivulini chini ya paa, kwa sababu jua nalo hula mpira na nisije nikaisingizia ozoni bure. Visiguswe na mafuta. Kimoja nyumbani, kimoja mlimani, na kimoja ndani ya kopo lililofungwa, mahali ambapo hewa haiingii.

Nilifika nyumbani nikauchukua mpira mbovu wa baiskeli uliokuwa umening'inia ukutani.

"Huo nilitaka kuutumia kuzibia pancha," mume wangu akasema.

"Umeshapata kazi nyingine. Lete kisu."

Kesho yake nikapanda mlimani mwenyewe na utepe wangu umefungwa juu ya kijiti. Wifi aliponiona natafuta mahali chini ya paa lake, akaweka mikono kiunoni.

"Unaniletea uchawi wa mpira sasa? Kaka yangu ameoa mganga?"

"Wifi, ningekuwa mganga ningeanza na mdomo wako. Huu unapima hewa." Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nilimweleza vibaya, nazi nikaita samaki, lakini alielewa. Wifi hakuwa mjinga hata siku moja.

Akaguna. "Yaani kipande cha mpira kitasema hewa yangu mbovu kuliko ya Manzese?"

"Kitasema chochote kitakachosema."

"Haya. Tuwekeane." Akanisogelea. "Wako ukipasuka kuliko wangu, mtoto anahamia kwangu na godoro lake. Hakuna kungoja masika. Na wewe usitie neno."

"Na wako ukipasuka?"

"Haupasuki."

"Wifi, na wako ukipasuka?"

Akamtazama mtoto aliyekuwa anachezea maganda ya mihogo. "Abaki kwako. Sitamwomba tena."

Tukapeana mikono. Nikashuka kile kilima. Nimemweka binti yangu rehani kwa utepe wa mpira! Na mwalimu mwenyewe amesema huenda ni kidogo, huenda hakuna kitu! Nikajitukana njia nzima. Lakini siwafichi: chini ya ule woga kulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuijua. Maisha yangu yote nilikuwa naambiwa. Ugonjwa unatoka hapa, hewa nzuri iko pale, mwanamke fulani ana mkosi. Safari hii nilikuwa nimeuliza mie, na kitu kilikuwa kinakwenda kunijibu mie.

Tulikubaliana siku kumi na mbili. Mtoto sikumpandisha mlimani siku hizo. Nilisema tumbo linamuuma, Mungu anisamehe. Kila asubuhi nilikuwa nautazama utepe wangu wa Manzese. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya saba nikaona vijistari viwili kama unywele. Moyo ukanishuka. Siku ya tisa vikawa vitano. Mume wangu akaja kusimama nyuma yangu.

"Umepasuka," akasema.

"Nina macho."

"Sasa ukizidi wa dada?"

"Nenda kasugue vyuma vyako."

Siku ya kumi na mbili nilimshika mtoto mkono, nikafunga utepe wangu na lile kopo ndani ya kitambaa, tukapanda. Jua lilikuwa linachoma. Wifi alikuwa anatungoja uani, amevaa khanga mpya kabisa. Alikuwa ameshafagia chumba. Niliona kwa mlango uliokuwa wazi: kitanda kidogo cha kamba, kipya, kimetandikwa. Nikasikia uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kwake, si wangu.

"Weka chini tuone," akasema.

Nikafungua kopo kwanza. Utepe wa ndani ulikuwa laini kama siku nilipoukata. Nikaweka wa Manzese kando yake. Wifi akainama, akahesabu kwa kidole. "Una mistari. Huu umepasuka, wifi! Unaona mwenyewe!"

"Naona. Shusha wako."

Akapanda kigoda, akashusha kijiti chini ya paa. Aliushusha huku anacheka. Akautazama. Akaacha kucheka. Akaupeleka karibu na macho, akaugeuza, akaukunja kidogo, na mie nikaona kwa pale nilipokuwa: pale juu, palipopindwa, mpira wote ulikuwa mistari, imepangana, imekatiza kutoka ukingo hadi ukingo, mingine imezama mpaka ungeweza kuingiza ncha ya ukucha. Wa Manzese ulikuwa kama umechorwa. Huu ulikuwa umechanjwa.

"Hakuna aliyeugusa," akasema polepole. "Mie hata kuusogelea nilikuwa naogopa."

"Najua."

"Hakuna lori hapa. Hakuna hata pikipiki."

"Wifi, geuka."

Akageuka. Ilikuwa saa nane imepita. Kutoka pale ukingoni unaona bonde lote mpaka mjini, na siku zote alikuwa anaona, lakini kuona si kutazama. Juu ya barabara na juu ya mji kulikuwa na utando umelala, rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Na upepo ulikuwa unatupiga usoni, mzuri, wa baridi, ukitokea hukohuko.

Nilitaka kuruka. Kweli nawaambieni, mwanamke mzima, nilitaka kuruka kama mtoto aliyeshinda mdako! Nilikuwa nasema haraka haraka, nazi, samaki, jua, chungu kinatembea, namwonyesha kwa mkono. Mtoto naye anarukaruka bila kujua anaruka kwa nini. Wifi akaenda shambani kwake, akarudi na jani la kunde.

"Haya ndiyo nini?" Juu ya jani palikuwa na vidoa vidogo vyeupe, vingi, kama mtu amelinyunyizia unga. Chini ya jani hakuna kitu. "Tangu kaskazi ianze yako hivi. Mdudu sikumwona. Nilimnunia jirani yangu, nikasema ana kijicho. Hatusalimiani."

Sikujua jibu la kunde siku ile, nikamwambia sijui. Kesho yake jioni mwalimu aliliona lile jani akasema inawezekana kabisa, majani nayo huvuta pumzi. Wifi ilibidi ampelekee yule jirani kisamvu, akamwambia samahani, nilikusingizia.

Lakini pale uani, saa ile, alikaa kwenye kigoda na jani mkononi. Akamwita mtoto, akamkumbatia.

"Nilikuwa namwambia avute," akasema. "Mie mwenyewe. Vuta mwanangu, vuta. Naye anavuta kwa sababu ananipenda."

Hapo raha yangu ikaingia adabu. Nikakaa chini, mchangani, karibu na miguu yake.

"Wifi, nani alijua? Hata mie ningemtandikia mkeka hapohapo."

"Usinipoze. Nimeshindwa, nimeshindwa. Abaki kwako." Akaangalia kile chumba alichokifagia, akaangalia pembeni.

Mume wangu akaja na baiskeli, anatweta kwa kilima. Alitukuta tumekaa, mtoto katikati, mipira mitatu chini kama kete. Akauokota wa mlimani, akaukunja, maana fundi anaujua mpira. "Mpira wa namna hii," akasema, "nilidhani ni uzee tu." Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa silitegemei. "Sasa Manzese ndiyo pazuri?"

"Pazuri wapi? Wangu nao si umepasuka? Na moshi wa kuni uko palepale."

Hilo nilikuwa nimeshamuuliza mwalimu. Aliniambia karibu na barabara moshi mbichi wa malori huila ozoni iliyoiva, nikaelewa ndiyo maana mpira wangu ulipata nafuu. Lakini moshi mbichi nao ni sumu, mtu asijidanganye. Saa nzuri ni alfajiri na asubuhi mapema, jua halijapika kitu na malori hayajawashwa. Saa mbaya ni mchana mpaka alasiri. Mtoto akikaa ndani saa hizo, madirisha yamefungwa, inapungua sana, kwa sababu kuta na vyombo vinaila.

Tulirudi Manzese sote wanne, mtoto kwenye baiskeli, sie kwa miguu. Wifi alitaka kubaki, nikakataa. Njiani nilikuwa nawaza. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, kuta nene, chumba cha katikati kina giza na baridi hata kaskazi. Mchana mie niko sokoni au kuni zinanisubiri. Nani atamzuia mtoto wa miaka sita ndani saa zote hizo? Mtu ambaye mtoto anampenda mpaka akimwambia vuta, anavuta.

Kifua hakikupona kwa siku moja, na sitawadanganya kwamba kilipona chote. Kilipungua, mpaka tukaanza kusahau dawa iliwekwa wapi, na alikaa kwangu mpaka alipoolewa. Lakini jioni ile sikujua. Jioni ile nilijua tu kwamba nimeuliza na nimejibiwa, na kwamba jibu likikaa kichwani bila kutendwa ni mzigo. Kabla ya adhana ya magharibi nikawaita wote uani: mume wangu, wifi yangu, mabinti zangu watatu. Mume wangu akaanza, "Lakini petroli ndiyo riziki—" nikamnyamazisha kwa kiganja. Sikuwahi kufanya hivyo kabla. Nikasema:

"Hilo karai litoke uani leo hii, vyuma vikasuguliwe gereji na vifunikwe. Kuni mbichi haziingii tena nyumba hii. Kila alfajiri, nyie dada zake, mtoeni mwenzenu nje akimbie mpaka malori yawashwe. Saa tano ikifika yuko chumba cha kati, dirisha limefungwa, na hatoki mpaka saa kumi na moja. Na wewe wifi, ukimaliza kuuza kisamvu hupandi mlimani mchana: unaingia humo naye, unajifungia, unamsimulia hadithi mpaka jua lilegee. Kile kitanda cha kamba kaka yako akilete kesho asubuhi."